Mvua na Daftari ya Wachelewaji



Hapa Bukavu mvua inaanza Septemba mpaka Mei, karibu mwaka mzima wa masomo. Sisi makapita tunasimama kwa mlango na daftari: kengele ikilia, mwenye kuchelewa tunamwandika. Juma iliyopita tuliandika mtoto mmoja wa Kadutu, matope mpaka magoti. Hakusema kitu. Kisha tulisikia kwamba usiku maji iliingia kwao. Walikesha wakiitosha na masufuria.

Kadutu iko kwa mlima. Mvua ikinyesha, maji inashuka na njia, udongo unaporomoka, hata nyumba zinaanguka. Mwenye kukaa karibu na lami hajui ile taabu.

Wengine watasema: mkiachilia, wote watachelewa. Hapana. Mvivu anajulikana, anachelewa hata siku ya jua. Sisi tunaomba kitu kimoja tu: siku ya mvua tuulize kwanza, kisha tuandike. Wagalatia 6:2 inatufundisha kubebeana mizigo.

Na yule ndugu, tunamwomba masamaha. Jina lake tumelifuta.