Rudisheni Maji ya Kihansi

Kuna mbuni ambao haumo shambani kwa mtu yeyote. Hauoti Rombo wala Bukoba wala Mbinga. Unaota porini, katika korongo moja tu duniani: Kihansi, kusini mwa milima ya Udzungwa, pale mto unapoporomoka kutoka nyanda za juu kulifuata bonde la Kilombero. Wataalamu wa mimea waliutangaza kuwa spishi mpya mwaka 2004, wakaupa jina la nyumbani kwake, Coffea kihansiensis. Siku unapewa jina, maji yake tulikuwa tumeshayachukua.

Ndiyo, tuliyachukua. Sitaki kusikia neno "yalipungua". Mto ulizibwa kwa bwawa, ukaingizwa kwenye handaki ndani ya mwamba, ukashushwa zaidi ya mita 800 hadi kwenye mitambo ya megawati 180. Tangu mwaka 2000 maporomoko yamebakiziwa kama sehemu moja ya kumi ya maji yake. Rasharasha iliyolowesha kuta za korongo usiku na mchana, masika na kiangazi, ikakatika.

Chura wa Kihansi, aliyeitegemea rasharasha hiyo, nchi nzima inamjua. Alipelekwa Marekani mwaka 2000 ili asife, mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini, mwaka uliofuata akarejeshwa nchini. Kila shilingi iliyotumika kwake ilistahili, nami nitamtetea mbele ya yeyote anayembeza. Lakini mabomba ya kunyunyizia maji yalitegwa kwa ajili yake, kwenye ardhi oevu anamoishi. Mbuni ni kichaka cha kivulini, cha msituni, na nani amewahi kuulilia?

Anayepaswa kuulilia kwanza ni mkulima wa kahawa. Yeye ndiye anayeijua chulebuni, anayeijua kutu ya majani, anayenunua dawa msimu baada ya msimu huku bei ya buni ikimyumbisha. Kinga ya kutu haikutoka chupani. Ilipatikana katika mbuni uliochanganya damu wenyewe, arabika na robusta, kisiwani Timor. Damu hiyo ndiyo imo katika Ruiru 11, aina ya kahawa waliyoipata wakulima wa Kenya mwaka 1985. Ndugu wa porini ndio akiba ya shamba. Na ndugu hao wanakwisha: mwaka 2019 watafiti walihesabu spishi 124 za kahawa duniani, wakakuta 75 zimo hatarini kutoweka. Wala tusijidanganye kwamba tutaziweka mbegu kwenye jokofu kama mahindi. Mbegu ya kahawa haivumilii kukaushwa na kugandishwa kwa miaka. Ghala lake ni msitu, na msitu wa mbuni huu ni korongo tulilolikausha.

Najua jibu litakalokuja: wananchi wanataka umeme. Mwaka 2000 jibu hilo lilikuwa na uzito. Nchi ilikuwa gizani, na megawati 180 zilikuwa mkombozi. Sitawahukumu waliofanya uamuzi ule kwa hesabu za leo. Ila leo tuna Bwawa la Mwalimu Nyerere, mitambo tisa, kila mmoja megawati 235. Mtambo mmoja tu wa pale unaishinda Kihansi nzima! Mbona basi korongo lile bado linatozwa kodi ya dhiki iliyokwisha?

Na sheria iko wazi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka maji ya kunywa na ya nyumbani kwanza, na mazingira yanafuata papo hapo. Shughuli za uchumi, umeme ukiwemo, zinasubiri nyuma yao. Hatuombi hisani kwa ajili ya kichaka. Tunadai foleni iheshimiwe.

Kibali cha maji cha Kihansi kifunguliwe upya. Kiandikwe kiwango kipya cha maji ya maporomoko, kikubwa, kitakachorudisha rasharasha hadi kwenye miti ya pembeni, na kitangazwe hadharani kwa tarakimu ili kila mtu aweze kukipima. Mibuni iliyobaki ihesabiwe kila mwaka, mche kwa mche. Kiangazi kijacho, mto unapokuwa mwembamba na mitambo ina kiu kuliko wakati wowote, ndipo tutakapojua kama waliokishika kibali hicho wamekisoma.