Hoja za Wasiotaka Kulipa Reti Nairobi

Kila Kaunti ya Nairobi inapotaja reti, yaani ile ada ya ardhi ya kila mwaka, hoja zilezile huibuka kwenye mikutano ya wakazi, redioni na katika vikundi vya WhatsApp vya mtaa. Wanaozitoa si watu wa kupuuzwa. Kuna mawakili humo, na wahasibu pia, jambo linalofanya hesabu zao zishangaze zaidi. Msomaji, kaa kwenye kiti cha hakimu. Nitaieleza kila hoja kama wenyewe wanavyoieleza, kisha uamue kama inasimama.

Wanasema kwanza kwamba mwenye nyumba anatozwa mara tatu kwa kitu kimoja: reti ya kaunti, kodi ya ardhi ya Wizara ya Ardhi, na kodi ya mapato ya nyumba inayokusanywa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Ni kweli malipo ni matatu, ila hayamwangukii kila mtu. Reti ni ya kaunti, kwa mamlaka ya Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010. Kodi ya Wizara humhusu aliyekodishiwa ardhi na serikali kwa miaka maalumu. Mwenye umiliki wa kudumu hadaiwi kodi hiyo. Ile ya KRA, asilimia 7.5 tangu Januari 2024, hutozwa landilodi anayekusanya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Kwa hiyo anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, juu ya ardhi ya umiliki wa kudumu, analipa moja tu kati ya hizo tatu. Anayelipa zote tatu ana wapangaji, na pango lao analipokea bila kulalamika.

Hoja ya pili ndiyo kubwa, na ndiyo iliyowatia watu hofu zaidi. Inasema hivi: orodha ya zamani ya uthamini ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei ya ardhi imepaa tangu wakati huo, kaunti ikitumia orodha mpya ya 2019, reti nayo itapaa hivyohivyo. Inasikika vizuri mpaka uulize kiwango. Kwa orodha ya zamani, reti ilikuwa asilimia 25 ya thamani ya kiwanja. Kiwango kilichotangazwa pamoja na orodha mpya ni asilimia 0.115. Wapinzani hutaja thamani iliyopanda na kuinyamazia asilimia iliyoshuka.

Chukua kalamu. Kiwanja kilichothaminiwa shilingi 40,000 wakati ule kilidaiwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Kwa kiwango kipya, ili bili ibaki shilingi 10,000, kiwanja hicho lazima sasa kiwe na thamani ya takriban shilingi milioni 8.7. Kikiwa cha milioni 5, bili inashuka hadi 5,750. Kikiwa cha milioni 20, inapanda hadi 23,000. Anayeongezewa mzigo ni yule ambaye ardhi yake imepanda thamani zaidi ya mara 217. Huyo si mnyonge wa mtaani anayetajwa kila mara kwenye hotuba. Orodha ya zamani ilimbeba yeye miaka yote hiyo, huku wengine ambao ardhi yao haikupanda sana wakilipa sehemu yake.

Wengine hurudi nyuma kidogo na kudai uthamini wenyewe umetiwa chumvi. Hilo linawezekana kwa kiwanja hiki au kile, na sheria iliyosimamia uthamini huo iliweka dawa yake: siku 28 za kuwasilisha pingamizi, na mahakama ya uthamini ya kulisikiliza. Lakini tazama mwenendo wa mlalamikaji. Akienda benki kuomba mkopo, kiwanja ni cha milioni 30. Barabara ikipitishwa kwake na fidia ikatajwa, ni cha milioni 45. Kaunti ikibisha hodi, ghafla ni cha milioni 4, tena kina majimaji. Vilevile husemwa kwamba mabadiliko yameletwa kwa ghafla. Sheria ilitaka orodha mpya kila baada ya miaka 10, labda waziri aongeze muda. Nairobi ilikaa karibu 40.

Kuna wanaoamini kwamba ukijenga vizuri, kaunti inakuadhibu. Sheria ingeiruhusu kaunti kutoza hata jengo, ila Nairobi imetoza thamani ya kiwanja kitupu. Jengo la ghorofa kumi na nyumba ya chini ya mzee mstaafu, kwenye viwanja pacha vya Kileleshwa, hudaiwa sawa. Mwenye haki ya kulalamika hapo ni mzee: ardhi yake imepandishwa bei na maghorofa ya majirani, na pensheni yake haikupanda nayo. Hoja hiyo ina uzito, na ingefaa kumwombea yeye nafuu. Ajabu ni kwamba anayemtaja sana kwenye mikutano ni mwenye ghorofa.

Kisha huja hoja inayopigiwa makofi: barabara ni mashimo, taka zinaoza, hatulipi mpaka tuone huduma. Malalamiko ni ya haki kabisa. Hitimisho lake ndilo bovu. Kaunti yenyewe imesema kwamba kati ya mali takriban 256,000 zinazopaswa kulipiwa, ni kama 50,000 tu zinazolipiwa. Waliogoma, basi, ni wengi kuliko wanaolipa, na wamegoma miaka mingi. Mashimo yamezibika? Lawama ya kaunti iko mahali pengine: husamehe riba ya waliochelewa mara kwa mara, na kila msamaha humfundisha aliyelipa Januari kwamba alifanya haraka ya bure.

Kwamba serikali kuu hudaiwa na kaunti mabilioni kwa ardhi yake ni kweli, na ni aibu. Deni la jirani halifuti lako.

Mwisho kuna wanaosema, nina hati, watanifanya nini? Kwa miaka mingi, pengine hakuna. Lakini ardhi yenye kutozwa reti inapouzwa, hutakiwa cheti cha kuthibitisha kwamba haidaiwi. Hapo ndipo mambo hugeuka, mara nyingi baada ya mwenye hati kufariki: watoto wamepata mnunuzi, wakili anaomba cheti, kaunti inatoa bili yenye riba ya miaka yote, na mnunuzi anataka ikatwe kwenye bei kabla ya mtu yeyote kugawiwa chochote.