Usilipie Shule ya Udereva Kabla Hujamjua Mwalimu

Wasee, KCSE ikiisha kila mtu hapa Nakuru anaambiwa mambo mawili: jifunze kompyuta, jifunze gari. Hiyo ya pili ndiyo nataka tuongee, kwa sababu vile tunachagua mahali pa kujifunza inaniudhi. Swali letu la kwanza ni "ni doh ngapi?" La pili ni "leseni inatoka lini?" Hakuna anayeuliza ni nani atakaa kando yangu nikishika usukani.

Maoni yangu ni haya: usichague shule, chagua mwalimu. Jina kubwa ukutani halitakusaidia kama jamaa mwenyewe yuko kwa simu ukihangaika na klachi.

Angalia tu mahali tunaishi. Toka mjini ukielekea Eldoret, unapita Salgaa na Sachangwan. Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakaenda kuchota, moto ukaua zaidi ya 100. Alfajiri ya 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana Migaa, watu 36 wakafa. Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo pale makutano ya Londiani likaua zaidi ya 50. Hizi ndizo barabara zetu za kwenda ushago.

Sasa niambie, mwalimu anayekuzungusha Section 58 na Milimani kila siku, asubuhi kavu, polepole, amekuandalia mteremko gani? Kwa mteremko mrefu ukikanyaga breki bila kuachilia, zinapata moto na kuacha kushika. Aliyefunzwa vizuri anaingia gia ya chini mapema, injini inamshikia gari, breki anazigusa kwa vipindi. Hilo ni somo la siku moja. Wengi wetu tunakutana nalo tukiwa na leseni mfukoni na hakuna mtu kando.

Na usidanganyike na mtihani. Ule ubao wenye magari ya kuchezea unaweza kukariri kwa wiki moja, na alama za barabarani pia. Kukariri kutakupitisha, lakini hakukufundishi kusoma bodaboda anayeingia barabarani bila kuangalia, ama mat inayosimama ghafla mbele yako kubeba abiria. Ukienda 50 kwa saa, unakula karibu mita 14 kila sekunde. Sekunde mbili za kushtuka na tayari umepita mita 28 bila kugusa breki.

Mimi nikijifunza tulikuwa watano kwa gari moja. Mmoja anaendesha, wanne nyuma wanangoja. Saa moja ikigawanywa hivyo, kila mtu ni dakika 12. Tulilipia masomo tukapewa raundi.

Kwa hivyo kabla utoe pesa, omba ukae nyuma kwa somo moja la mtu mwingine. Angalia kama mwalimu amefunga mkanda. Angalia kama ana breki yake upande wake. Mwanafunzi akikosea, anamwelezea ama anamfokea? Muulize kama ana leseni ya kufundisha kutoka NTSA, na kama atakutoa barabara kuu, usiku, na kwa mvua. Muulize utashika usukani dakika ngapi kila siku. Akikasirishwa na maswali, umeshapata jibu lako.

Kuna mtu atasema binamu yake atamfunza bure pale uwanjani. Najua doh ni ngumu. Lakini binamu hakufunzi gari peke yake, anakufunza pia tabia zake: kuovateki kwa kona, kujibu simu, kuona mkanda ni wa polisi. Samaki mkunje angali mbichi, na hizo siku za kwanza ndizo wewe uko mbichi.

Wazazi, na nyinyi msiulize tu mtoto amepita ama hajapita. Siku moja kaeni nyuma muone.

Shule nyingi zinataka utoke haraka ili mwingine aingie. Mwalimu akikwambia "wewe bado, rudi wiki ijayo," hata kama tarehe ya mtihani imefika, usimkasirikie. Huyo ndiye wa kulipa.