Tahariri: Nyumba Hii Ni ya Nani?

 

Mwezi uliopita tulijiwa msikitini na kijana, baba wa watoto wawili, akitaka tumwandikie barua ya kuomba mchango. Akiba yake ya miaka minane aliitoa yote kununua nyumba ya vyumba vitatu pembezoni mwa Dar es Salaam. Aliyemuuzia ni mtoto mkubwa wa marehemu. Mwaka haujatimia akatokea mjane wa pili na mabinti zake watatu, na sasa kesi ipo mahakamani. Kijana anayo karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa na saini za mashahidi wawili. Swali ambalo hakuliuliza ni hili: marehemu aliacha warithi wangapi?

Tunaliandika jambo hili kwa kuwa halikumpata yeye peke yake, na kwa kuwa muuzaji huyo huswali safu ya mbele. Mali ya marehemu, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, ni ya warithi wote. Mjane ana thumuni iwapo marehemu ameacha mtoto, na robo iwapo hakuacha. Wakiwa wajane wawili, hugawana fungu hilo. Binti anaporithi pamoja na kaka yake hupata nusu ya fungu la kaka, na fungu hilo ni lake hata akiwa ameolewa Tanga au anaishi Muscat. Mtoto mkubwa hamiliki zaidi ya fungu lake. Akiuza la wenzake bila ridhaa yao, hiyo ni ghasbu. Hadithi ya mwenye kudhulumu shubiri ya ardhi akavishwa ardhi saba shingoni, waliyoipokea Bukhari na Muslim, tunaisoma mimbarini kwa ajili ya wasogezao mipaka ya mashamba. Mbona hatumsomei anayemuuzia mgeni nyumba ya dada zake?

Mnunuzi naye hana udhuru. Aombe kuiona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, kisha akutane na warithi wenyewe, akianza na wanawake, maana hao ndio wanaofichwa. Na muuzaji akiwa hai na ana mke, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia kuuza nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake. Baadhi ya ndugu hulichukia sharti hilo. Sisi tunaona limewaepusha wengi na dhulma.

Muhuri wa mtaa nao umepewa heshima isiyo yake. Mwenyekiti anaweza kushuhudia kuwa anawajua watu. Kuhamisha umiliki hawezi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwananchi hupewa haki ya kuitumia, aghlabu kwa miaka 33, 66 au 99. Penye hati, upekuzi hufanywa kwa Msajili wa Hati, na huko ndiko hujulikana kama nyumba imewekwa rehani. Pasipo na hati, iendewe ofisi ya ardhi ya halmashauri, ikaulizwe mchoro wa mipango miji, hifadhi ya barabara na mabonde. Nyumba zilibomolewa bonde la Msimbazi Desemba 2015, na kandokando ya barabara ya Morogoro, Kimara, mwaka 2017. Tingatinga halisomi karatasi ya mashahidi.

La ajabu ni kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kwa ajili ya kuandikiana na kushuhudisha, nasi tuliopewa aya hiyo tunaona haya kumdai ndugu maandishi, eti ni kumtuhumu.

Wengine hukimbilia mkopo wa benki. Mkopo wa nyumba wenye riba ni haramu, na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ililitolea uamuzi suala hilihili huko Jeddah mwaka 1990, ikataja njia za halali badala yake, kama vile kuuziwa kwa malipo ya awamu. Hapa nchini zipo benki zinazotoa huduma hiyo. Lakini usitie saini kwa sababu ya jina la Kiarabu lililoandikwa juu ya fomu. Uliza: je, benki imeinunua nyumba kwanza ndipo ikuuzie? Mtume (s.a.w.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Na ukichelewesha awamu, nyongeza huingia mfukoni mwa nani?

Barua ya mchango ya yule kijana hatukuiandika. Tulimpeleka kwa wakili, na muuzaji tukamwandikia tukimtaka awarudishie dada zake haki yao, au amrudishie kijana fedha zake. Mpaka tunakwenda mitamboni hajajibu.