Bukavu si ya Kuonjwa kwa Mchana Mmoja

Ndugu msafiri, makala yako tumeisoma hata huku Butare, sekta ya wilaya ya Rusizi, Rwanda (si ule mji wa chuo kikuu ambao siku hizi ni Huye). Ulivuka daraja la Ruzizi kuingia Kongo peke yako, ukakuta kelele, vumbi na msongamano, ukahukumu: Bukavu haina mpangilio.

Kelele ulizisikia kweli. Mpangilio hukuutafuta. Pale soko la Kadutu vitenge vina upande wake, unga upande wake, na mbadilishaji dola anajua bei ya siku kabla hujafungua mkoba. Msongamano nao una chanzo. Wabelgiji waliujenga mji huu, wakauita Costermansville, kwa ajili ya watu wachache kwenye rasi za Ziwa Kivu. Vita vya tangu 1996 vikawasukuma wanavijiji mjini, wakajenga miteremkoni. Barabara hazikuongezeka kwa kasi ya watu hao.

Usafi wa Kamembe, mji wa upande wetu wa mpaka, unaousifu nasi tunaupenda, ila mboga zetu hununuliwa na nani kama si watu wa Bukavu? Na umetaja, kwa kupita tu, kijana wa pikipiki aliyekufikisha mlangoni akakataa nyongeza. Huyo alistahili ukurasa mzima.