Anayetaka Sera za Watoto Aanzie Pemba

Wanafunzi wanaotamani kazi ya sera za makuzi ya awali ya mtoto huniuliza waanzie Geneva au New York. Nawajibu: anzieni Pemba. Mwaka 2001 utafiti wa Kengeja ulionesha kuwa madini ya chuma huwasaidia watoto wadogo kukuza lugha. Mwaka 2006 utafiti mwingine kisiwani humo, uliohusisha watoto zaidi ya 20,000, ulibaini kuwa kuwapa wote chuma na asidi ya foliki palipo na malaria kali kuliongeza kulazwa hospitali na vifo. Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake. Nia njema haikutosha. Kazi hii inamtaka anayerudi kijijini kuhesabu matokeo, hata yakimsuta.