Cheti Peke Yake Si Kipimo cha Chuo cha Wananchi

Mara nyingi inapofika siku ya mahafali, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi hupimwa kwa hesabu ile ile: walioingia wangapi, waliofaulu wangapi, vyeti vingapi vimetolewa. Hesabu ikiwa kubwa chuo husifiwa. Ikiwa ndogo hulaumiwa. Hesabu hiyo ni nyepesi kuandika katika taarifa, lakini haipimi kazi ambayo vyuo hivyo viliundwa kuifanya.

Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975, kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi na kwa msaada wa nchi hiyo. Taifa lilikuwa limekwisha kutangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwananchi aliyekwisha kujua kusoma alihitaji mahali pa kujifunza useremala, uashi, ushonaji na kilimo bora, kisha arudi kijijini kuitumia elimu hiyo. Shabaha haikuwa kuongeza idadi ya watafuta kazi mijini.

Ni kipimo gani, basi, kinachomwona mwanafunzi siku ya mtihani na kumsahau kesho yake? Kijana mwenye cheti cha useremala anayezurura mjini bila kazi huhesabiwa kuwa ni ushindi. Mama aliyehudhuria mafunzo ya majuma machache ya ufugaji wa kuku, akaokoa kuku wake na kuwafundisha jirani zake, hana cheti. Kwa hiyo katika taarifa hayumo. Msichana aliyekatizwa masomo kwa kupata mimba, ambaye leo vyuo hivi vimemfungulia mlango, akichelewa kumaliza kwa sababu analea mtoto, huonekana ni mzigo. Mkuu wa chuo akipimwa namna hiyo, si ajabu akiyapa kisogo mafunzo mafupi na kuwachagua wale tu ambao hawatamwangusha. Wanaobaki nje ya lango ni wale wale ambao chuo kilijengwa kwa ajili yao.

Wako watakaosema kwamba bila mtihani hakuna uhakika wa ujuzi. Hoja hiyo ina ukweli: fundi umeme asiyepimwa ni hatari kwa maisha ya watu. Lakini mtihani hupima ujuzi wa mwanafunzi. Haupimi mafanikio ya chuo. Wala kuukosoa mtihani si ruhusa kwa chuo kilicholala kujificha nyuma ya maneno matamu ya maendeleo. Chuo cha wananchi kinastahili kupimwa kwa ukali zaidi, si kwa ulegevu.

Kila chuo na kiwe na daftari la wote waliopita, wenye vyeti na wasio navyo. Baada ya mwaka mmoja, na tena baada ya miaka mitatu, iulizwe: Je, anaifanya kazi aliyojifunza? Inamlisha? Amemfundisha nani? Na walioacha masomo, waliacha kwa nini? Kazi hii haihitaji wataalamu kutoka ng'ambo. Walimu wapo, maafisa maendeleo ya jamii wapo, watendaji wa vijiji wapo. Kinachotakiwa ni agizo lililo wazi, nauli, na viongozi walio tayari kupokea majibu yasiyowapendeza.